Somo: Kigimbi kikikaza, angalia mguu unavyotua

Kigimbi kikianza kukaza kilomita ya pili au ya tatu, wengi hukimbilia kuchuliwa. Usiku huo unalala vizuri, keshokutwa yaleyale, maana mguu bado unatua vilevile. Somo hili linahusu kukaza kunakokuja taratibu. Ukisikia "paa!" kama umepigwa jiwe kwa nyuma, huenda msuli au kano ya kisigino imechanika. Simama hapohapo, urudi kwa bodaboda.

Kwanza jipime. Tafuta tambarare, mzunguko wa uwanja wa mpira unatosha. Milima ya hapa Mwanza, kama Capri Point na Bugando, iache kwanza. Kimbia mwendo wako wa kila siku, uhesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukihesabu 39, hizo ni hatua 156 kwa dakika. Ongeza asilimia 5 tu, ziwe 164, ukifuata mapigo ya programu ya simu inayopiga mdundo (metronome). Kasi ibaki ileile, kinachobadilika ni hatua kuwa fupi. Hapa ndipo wengi wanaharibu: hatua zikiongezeka, na kasi inapanda, kigimbi kinabebeshwa mzigo mpya juu ya ule wa zamani.

Sasa kisigino. Mtaani inasemwa mkimbiaji halisi anakimbilia vidole. Ni kweli kutua kwa vidole kunalipunguzia goti kazi, lakini kazi hiyo haipotei, inahamia kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Geuza raba yako uangalie soli. Ikiwa imelika mbele na nyuma bado ina meno kama ilivyotoka dukani, kisigino hakigusi lami. Rekebisha hivi:

1. Tua wayo ukiwa karibu bapa, kisha kisigino kishuke kiguse chini kila hatua.
2. Mguu utue karibu chini ya nyonga, goti limekunjika kidogo. Ukiuona wayo wako mbele sana, umeurusha.
3. Usijisukume kwa vidole. Wazia unaunyanyua mguu kutoka chini.

Fanya mita 50, tembea, rudia mara 6. Ukisikia miguu inapiga lami kwa kishindo, punguza urefu wa hatua.

Nguvu nayo inahitajika. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Ule wa ndani hufanya kazi hata goti likikunjwa, na mazoezi mengi huusahau. Simama ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja, nyanyua kisigino sekunde 2, shusha sekunde 3. Mara 12 kwa seti 3 goti likiwa limenyooka, kisha seti 3 likiwa limekunjwa. Siku moja ufanye, siku moja upumzike.

Kurudi barabarani: kimbia dakika 2, tembea 1, mara 8, siku 3 kwa wiki. Maumivu yakipita 3 kati ya 10, au ukiamka unachechemea, rudi nyuma. Mlima na mchanga wa ufukweni viwe vya mwisho kabisa. Vyote viwili vinakivuta kigimbi kupita kawaida.

MASWALI

*Mkuu, naishi Mabatini, nikitoka mlangoni tu ni mlima. Nifanyeje?*
Mlima utembee, kupanda na kushuka. Kukimbia kuanze ukifika barabara kuu.

*Nina raba za mtumba za Mlango Mmoja, soli bapa. Zinafaa?*
Kwa sasa hapana, kaka. Soli bapa inakishusha kisigino na kukivuta kigimbi. Tafuta raba ambayo kisigino kimeinuka milimita 8 hadi 10 kuliko mbele. Mtumba ubonyeze soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama tairi, iache.

*Samahani kocha, kigimbi changu kimoja kimevimba na kina joto, kinauma hata nikilala.*
Dada, hilo si la mwendo. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usichue, usikande, usikimbie. Nenda hospitali leo. Kifua kikibana au ukipumua kwa shida, iwe sasa hivi.