Gari inapiga selfu vizuri ila haiwaki: kabla hujanunua pampu, soma hii

Wenye Corolla 110, Carina Ti na hizi gari zingine za miaka ya tisini zenye distributa (kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi), hii ni yenu. Unapiga selfu injini inazunguka fresh tu ila haishiki, unarudia, unarudia, mpaka betri inachoka na hapo sasa una matatizo mawili.

Mimi nilishapigwa kwa hili. Masika, Nyegezi kule Mwanza, mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi gari imegoma. Fundi akaja, akaniambia niweke swichi on, yeye akaweka sikio kule kwenye siti ya nyuma, akasema pampu ya mafuta imekufa maana haisikiki. Tukanunua pampu, ikafungwa, haikuwaka. Mchana jua limetoka ikawaka, nikalipa na kushukuru, afu mvua iliyofuata ikagoma tena vilevile. Fundi wa pili alifungua kifuniko cha distributa tu, ndani kuna matone ya maji na ufa mwembamba mweusi kama unywele umetoka nguzo moja kwenda nyingine. Moto, yaani ule umeme wa cheche, ulikuwa unapita kwenye ule ufa badala ya kwenda kwenye plagi. Pampu ya kwanza ilikuwa nzima kabisa.

Kwa nini haikusikika? Hapa ndo wengi wanadanganyika. Hizi Toyota za zamani nyingi ukiweka swichi on pampu haifanyi kazi, inazunguka pale unapopiga selfu tu, au injini ikiwa tayari inawaka. Na ukipiga selfu kelele yake inaimeza pampu. Kwa hiyo ukimya wa pampu kwenye on sio ushahidi wa chochote, naomba mlishike hilo.

Sasa fanya hivi. Kwanza sikiliza selfu yenyewe. Ikizunguka kwa uvivu hilo ni la betri au vichwa vyake vyenye kutu, betri iliyojaa ukiipima imetulia inasoma karibu volti 12.6, na ukipiga selfu ikashuka chini ya 9.6 hapo umeme hautoshi hata kama injini inazunguka. Ikizunguka haraka mno na laini, bila ile mikato ya kawaida, shuku taimingi belti, ule mkanda unaozungusha sehemu ya juu ya injini. Kwenye injini ya 5A kuipima ni rahisi, fungua kifuniko cha distributa, mwenzako apige selfu kidogo, wewe angalia rota, kale kakipande kanakozunguka mle ndani. Injini inazunguka lakini rota imesimama? Belti imekatika, acha kabisa kupiga selfu. Na usizidishe sekunde kumi kwa mara moja, pumzisha nusu dakika, selfu inaungua.

Kama rota inazunguka, chomoa plagi moja baada ya kupiga selfu mara mbili tatu na uiangalie, uinuse. Imelowa na inanuka petroli, maana yake mafuta yanafika, moto ndo haupo au ni dhaifu. Ni kavu kabisa, mafuta hayafiki. Hii ya kunusa plagi ni dakika kumi na spana ya plagi tu, na inakutoa kwenye kubahatisha.

Tuseme imelowa. Chukua plagi nyingine nzuri, ichomeke kwenye waya wa plagi, mwili wake wa chuma uguse chuma cha injini kabisa, usiiache ikining'inia maana unaweza kuua koili inayotengeneza huo moto, na usiishike kwa mkono mtupu, huo umeme ni maelfu ya volti. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu. Mwenzako apige selfu. Unataka cheche ya bluu inayolia ta-ta-ta. Ya njano nyembamba haitoshi. Hakuna au ni dhaifu, rudi kwenye distributa: kausha kifuniko kwa kitambaa safi, tafuta ule ufa, angalia kale kakaboni ka katikati kenye springi kama bado kapo, angalia ncha ya rota kama imelika. Waya za plagi nazo ukiziangalia usiku gari ikiwaka unaona kama zinavuja cheche. Na wale mnaopeleka gari kuoshwa mnaambia wapige injini maji ya presha, funikeni distributa na nailoni kwanza, kesi nyingi za haiwaki zinaanzia pale.

Plagi ni kavu? Usiamini geji kwanza, ya gari ya zamani inadanganya, na ukipaki kwenye mlima kama Isamilo na mafuta ni kidogo yanakimbilia upande mmoja pampu inavuta hewa. Ongeza lita tano ujaribu. Bado? Fungua boneti, tafuta kile kiboksi kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, ndani vitundu vina majina. Unga FP na +B kwa kipande cha waya, weka swichi on, sasa pampu inatakiwa izunguke. Shika mpira wa mafuta unaoingia kwenye injini, utausikia umekaza. Inalia lakini mpira ni mlegevu, angalia filta. Hailii kabisa, angalia fyuzi ya EFI na rilei yake, ukikuta vizima ndo uanze kuifikiria pampu.

Kiboksi hichohicho kina TE1 na E1. Kama moto hauonekani na kifuniko ni kizima, piga selfu sekunde chache kwanza, afu ziunge hizo mbili, swichi on bila kuwasha, uhesabu taa ya check engine inavyomulika. Ikimulika moja, ikatulia, ikamulika nne, hiyo ni kodi (code) 14, kompyuta haipati jibu kutoka upande wa moto, igniter (kifaa kinachokata na kuunga umeme wa koili) au waya zake. Kodi ya 12 au 13 ni sensa ya mzunguko iliyo ndani ya distributa. Hapo sasa mpigie fundi, umwambie kodi uliyoiona na plagi ilikuwa imelowa au kavu, kabla hajashika spana.