Barua Pepe Inapokataliwa na Seva ya Mpokeaji
Kabla ya kubadilisha chochote, soma kwa makini ujumbe uliorudishwa, kwa kuwa tarakimu zake hueleza kosa: namba inayoanza na 4 ni kizuizi cha muda, na seva yako itajaribu tena yenyewe, ilhali 550 5.1.1 humaanisha kwamba anwani haipo, mara nyingi kwa herufi moja iliyokosewa.

Ukikuta 550 5.7.26 kutoka Gmail, kikoa chako (jina linalofuata alama ya @ katika anwani yako) hakijathibitishwa. Fungua rekodi za DNS, yaani mipangilio ya kikoa hicho, uhakikishe kuna rekodi moja tu ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua zako), inayoanza na v=spf1 na kutaja kila seva inayotuma kwa niaba yako; zikiwa mbili, kosa ninalolikuta mara kwa mara baada ya watu kuhamisha tovuti, ukaguzi hushindwa. Kisha washa DKIM, yaani saini ya kidijitali inayothibitisha barua zako, utume barua ya majaribio.