Kumwandikia wimbo mshua au bi mkubwa: anza na ndala, sio na "nakupenda"

Nyimbo za mama zipo kibao na nyingi zinafanana, miezi tisa tumboni, radhi, Mungu akuweke, ukisikia mstari wa tatu ushajua wa nne. Sio uongo, ila mama huyo anaweza akawa wa mtu yeyote kuanzia Bunju mpaka Mbagala, na bi mkubwa wako akiusikia atasema asante mwanangu basi, maana hajajiona mule ndani. Kwaiyo kabla hujatafuta biti, tafuta kitu kimoja kati yako na yeye ambacho mtu mwingine hawezi kukisema.

Kitu kweli, cha kushikika. Ndala zake. Beseni la vitumbua. Mlio wa ufunguo usiku. Mshua anatoka Gongo la Mboto usiku wa manane awahi samaki Feri, akirudi mikono inanuka afu hataki kukushika ukiwa na yunifomu ya shule, hapo wimbo ushaupata na wala hujasema anakupenda. Washa rekoda ya simu uongee tu kama unamsimulia mshkaji, usiimbe, usitafute vina, baadae sikiliza na uandike zile sehemu ulizosita. Kwenye kusita ndo kuna mali. Kama mzee yupo muulize na yeye, ila usimuulize "nisimulie maisha yako", wazee wetu ukiwauliza hivo wanakupa hotuba, muulize enzi zile nauli ilikuwa shilingi ngapi, mchana alikuwa anakula nini, utashangaa yanayotoka.

Afu amua nani anaongea na nani. Mtoto kwa mzazi ndo kawaida, ila mzazi kwa mtoto nayo ni tamu, au mtoto ambaye sasa hivi na yeye kashakuwa baba. Ukianza vesi ya kwanza na "ulinifanyia" ya pili usirukie "alinifanyia" hovyo, msikilizaji anapotea. Labda iwe na sababu: vesi ya kwanza unaongea naye, ya pili unamuongelea maana keshatangulia. Hapo huna haja ya kutaja kifo kabisa, watu wataelewa wenyewe.

Sasa mistari. Cheki hii:

Ulitoka kuna giza, mimi bado nimelala
Ukarudi kuna giza, nikajifanya nalala

Kila kipande mizani (silabi) 8, mstari mzima 16, hesabu ile ile ya mashairi ya shuleni. Sio sheria, kwenye biti unaweza kuchana zaidi ya hapo, ila ukianza na hesabu inayolingana hutakuja kubanana na maneno studio. Na mtoto anayejifanya kalala anatosha, usiongeze mstari wa kueleza kwa nini alijifanya, hapo ndo wengi wanaharibu.

Vina sisi tunavipata karibu bure, karibu kila neno linaisha na irabu, na ndo maana uvivu unaingia. Mtu anamaliza kila mstari na -ia, kuvumilia, kunisaidia, kunililia, kunifikiria, mpaka masikio yanachoka. Changanya, maliza na jina la kitu, maliza na jina la mtaa. Halafu angalia mkazo: Kiswahili kinakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, mZAzi, uliTOka, kwaiyo hiyo ndo ikae kwenye mdundo mzito. Ukiimba mzaZI ili biti ikae sawa utasikika kama mgeni kwenye lugha yako mwenyewe. Ukiona haikai badilisha neno, usilipinde.

Korasi fupi. Kitaa bi mkubwa mara nyingi hawamwiti jina lake, wanamwita kwa jina la mtoto, mama fulani, na kama mtoto huyo ni wewe hiyo peke yake ni korasi: mwanamke aliyeacha jina lake siku uliyozaliwa wewe. Maneno yanayoishia na "a" yanavutika vizuri kwenye noti ndefu, yaweke pale.

Spidi ya biti inategemea una maneno mangapi. Kwenye midundo 90 kwa dakika, vesi ya baa 16 (baa moja ni midundo minne) inakula kama sekunde 43 na korasi ya baa 8 kama 21, kwaiyo vesi mbili na korasi tatu pamoja na intro tayari uko karibu na dakika tatu. Singeli, ule muziki wa kasi, inawezekana pia jamani, nani kasema mzazi lazima aimbiwe kwa huzuni, ila spidi ile inakula simulizi, itabidi ubaki na utani na misemo yake anayokugombezea.

Mambo ya ndani, mfano mshua aliondoka nyumbani au ulevi, muulize kwanza mzazi inayemhusu kabla hujarekodi. Yeye ndo atakaa na majirani, sio wewe. Akikataa bado unaweza kuimba ulichokiona wewe ukiwa mtoto, bila kumhukumu mtu, na mara nyingi inatoka kali zaidi.

Ukishamaliza na prodyuza andikianeni nani ana asilimia ngapi kabla wimbo haujatoka, mashairi ya nani, melodi ya nani, afu usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Ila demo ya kwanza mchezee mzee mwenyewe, akikwambia "haikuwa vitumbua, ilikuwa chapati", badilisha.