Sanduku la chuma la kamera ya porini, jinsi ninavyolichomelea hapa Kasese

Mteja akija karakana kwangu kuagiza sanduku la kamera ya porini, ile inayofungwa kwenye mti ijipigie picha wanyama wakipita, swali lake la kwanza huwa kufuli. Namwambia: kufuli baadaye, lete kamera yenyewe niishike. Wezi wapo, tembo wapo, na fisi akishaanza kutafuna kitu haachi upesi. Lakini sanduku lililokatwa vibaya usoni litalinda kamera isiyopiga picha yoyote ya maana.

Kamera hizi zina mambo matatu usoni: lenzi, taa za usiku ambazo macho yetu hayazioni vizuri, na ile sensa inayohisi joto la mwili linapopita. Sensa ndiyo inayoamsha kamera. Watu wanapenda kuniambia niweke kioo mbele ili mvua isiingie. Hapana. Kioo kinazuia joto lile, hivyo nguruwe pori anaweza kupita mita tatu mbele na kamera ikaendelea kulala. Hata plastiki ngumu inayopitisha mwanga ina tabia hiyohiyo. Usiku nayo, mwanga wa taa unagonga kioo na kurudi kwenye lenzi, unabaki na picha nyeupe kama maziwa. Uso wa sanduku uache wazi.

Chuma ninachotumia ni shiti nyeusi ya geji 16, yaani kama milimita 1.5. Vipande vilivyobaki kwenye kazi za mageti vinatosha. Ukikosa hapa, Katwe wanayo. Nasema Katwe ya Kampala, si hii yetu ya chumvi. Shiti iliyopakwa zinki iepuke, au isage zinki yote kwa grenda pale utakapochomea, na ufanye kazi nje penye upepo. Moshi wake unaleta homa na baridi jioni. Vijana wanakunywa maziwa wakidhani ndiyo dawa. Maziwa ni chakula, hayazuii moshi.

Tuseme kamera yako ina urefu wa sentimita 14, upana 10, unene 7. Ndani ya sanduku nataka 15 kwa 11, na kina cha 9, kwa sababu nyuma ya kamera kutapita mnyororo. Kata shiti ya 33 kwa 29. Kila kona ondoa mraba wa 9 kwa 9, kunja pande nne juu, na mwili wa sanduku umepatikana. Anza na kartoni kabla ya chuma. Kartoni ikikataa, hujapoteza kitu.

Kuchomelea geji 16 kunataka mkono mwepesi. Tumia rodi ya milimita 2, ampia 50 hadi 60. Rodi ya 2.5 mikononi mwa asiyezoea inatoboa. Usivute mshono kutoka juu hadi chini kwa mara moja; shona nukta, hamia kona ya pili, rudi. Joto likikaa sehemu moja, shiti inajipinda na kifuniko hakitakaa tena.

Kifuniko, ambacho ndicho uso wa sanduku wenye dirisha la kamera, sikiwekei bawaba. Pini ya bawaba ni mlango wa pili wa mwizi. Nakunja midomo ya sentimita 2.5 juu na pembeni, ikumbatie mwili kwa nje. Ule wa juu naurefusha kidogo mbele uwe kama upenu wa mvua. Chini yake nachomelea ndimi mbili zinazoingia kwenye matundu mawili ya paa la sanduku. Unaingiza ndimi kwanza, kisha unashusha kifuniko. Chini, kifuniko na mwili kila kimoja kina sikio la chuma bapa cha milimita 5 lenye tundu la milimita 8, na masikio hayo yanakutana.

Hapo ndipo kufuli linaingia, na hapo ndipo mikasi ya kukatia vyuma inapolenga. Chukua kipande cha bomba la mraba la inchi 2, kata upande mmoja uutupe, na hicho kilichobaki kichomelee kwenye kifuniko kikizunguka masikio. Kufuli linafichwa mbele na pembeni, nyuma yake kuna mti. Unafungua kwa kuingiza mkono kutoka chini, kwa taabu kidogo. Taabu hiyo ndiyo umeilipia.

Mgongo wengi wanausahau. Misumari mirefu kwenye mti hai wa hifadhi si jambo la kufanya, na kwa vyovyote kuweka kamera ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth kunahitaji kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Mimi natoboa upenyo mmoja kila upande, karibu kabisa na mgongo, napitisha mnyororo wa milimita 6 kuzunguka mti, na ncha zake naziunga ndani ya sanduku kwa bolti. Kamera inakaa mbele yake. Asiyeweza kufungua kifuniko haioni hata hiyo bolti. Mnyororo ukilegea, gonga kabari ya mti nyuma.

Sasa dirisha. Weka karatasi usoni mwa kamera, chora lenzi, taa na sensa, halafu kata tundu moja kubwa linalovijumuisha vyote. Matundu matatu madogo yanapendeza, ila ukingo wa kila moja unakula pembe ya sensa. Ndani ya dirisha piga tupa ukingo uwe mshazari, upanuke kuelekea nje. Kamera ikae nyuma ya ukingo kwa nusu sentimita tu. Kisha ining'inize mlangoni, giza likiingia pita mbele yake mita tano, huku na huku. Picha ikiwa na pembe inayong'aa, chuma kinarudisha mwanga. Ongeza tupa hapo.

Toboa matundu mawili ya milimita 5 sakafuni maji yatoke, na uyafunike kwa wavu wa mbu wa waya. Nyigu wa udongo wanapenda sana nyumba ya bure. Kama kamera inatuma picha kwa laini ya simu, antena itoke nje, maana chuma kinakula mtandao. Piga msasa, rangi ya kuzuia kutu, kisha kijani au kahawia isiyong'aa, na ukingo wa dirisha uwe mweusi. Liache juani hadi harufu iishe.

Unapofunga, elekeza kamera kaskazini au kusini. Ikweta inapita hapo Kikorongo. Jua letu linachomoza na kutua karibu usoni mwa kamera iliyotazama mashariki au magharibi. Kama ni shambani mpakani mwa hifadhi, mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na majirani kamera iko wapi na inatafuta nini. Njia ya kwenda kisimani usiielekezee, akina mama wanapita hapo.

Na kufuli usilitie mafuta, yanashika vumbi hadi funguo zigome. Saga ncha ya penseli, upulize unga wake ndani.