Orodha ya nyimbo za mwaka huanzia Januari, si Desemba

Desemba ikifika kila mtu anatoa nyimbo zake bora za mwaka, na nyingi ni za Oktoba na Novemba. Si kwamba Februari hakukuwa na muziki, tumesahau tu. Mimi nina ukurasa kwenye simu: wimbo ukinishika, naandika jina, tarehe na mahali nilipousikia. "Machi 9, daladala ya Majengo, konda kaimba kiitikio chote." Basi.

Hesabu za programu msiziamini sana. Spotify inahesabu umesikiliza wimbo ukishafika sekunde 30, hata kama simu anayo mtoto. Mwaka juzi wimbo wangu namba moja ulikuwa wa katuni.

Mchujo naufanyia kwenye treni ya SGR, Dodoma hadi Dar. Nyimbo 40 zinaenea kwenye safari moja. Nasikiliza mfululizo, kidole tayari. Nikiruka wimbo kabla ya kiitikio, huo nje. Hapo ndipo pop za redioni zinapoanza kupukutika, na wale wasanii wasio na lebo, waliorekodi chumbani kwa gitaa na kompyuta, wanapanda. Si wote, lakini. Wengine ni dakika saba za kununa.

Halafu msifunge orodha Desemba mosi. Nyimbo za Desemba huwa yatima: mwaka huu zimechelewa, mwakani zimeshazeeka. Yangu naifunga Januari 15, na wanaonicheka kwa kuchelewa nawatumia tu ukurasa wangu.