Kabla ya Mechi ya Kwanza: Ya Kukubaliana Kati ya Kocha, Wazazi na Watoto

Ugomvi mwingi wa pembeni mwa uwanja chanzo chake ni jambo ambalo kocha alipaswa kulisema mapema akanyamaza. Kwa hiyo waite wazazi kabla mazoezi hayajaanza, waje na watoto wao ili wote wasikie maneno yaleyale. Dakika 45 zinatosha.

Anza na gumu kuliko yote: muda wa kucheza. Ukisema "kila mtoto atapata nafasi", kila mzazi ataelewa anavyotaka. Piga hesabu mbele yao: wachezaji 7 uwanjani, mechi ya dakika 60, watoto 14 kikosini, ukigawa sawa, kila mmoja anacheza dakika 30. Kama hutagawa sawa, taja vigezo, mathalani mahudhurio na bidii mazoezini, kisha usivibadilishe katikati ya msimu.

Siku hiyohiyo wajaze fomu: namba za simu za watu wazima wawili, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, mzio, pumu, kifafa, dawa anazotumia. Nakala ikae ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, maana fomu iliyobaki kabatini haisaidii mtoto akianguka. Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta iwe pembeni mwa uwanja. Waambie pia kwamba mtoto akigongwa kichwa na kushukiwa kupata mtikisiko wa ubongo, siku hiyo harudi kucheza, hata iwe fainali, hata mwenyewe aseme yuko sawa. Ukisubiri kulisema likishatokea, utabishana na mzazi mwenye joto la mechi.

Matangazo yapite kwenye kundi moja la simu: siku, uwanja, rangi ya jezi, saa ya kufika na saa ya kuchukuliwa. Kamwe usimwandikie mtoto peke yake. Mzazi wake awemo kwenye kila ujumbe. Mwenye lalamiko asubiri saa 24 baada ya mechi, hasira ishuke, kisha mzungumze faraghani kuhusu mwanawe tu.

Waombe wazazi washangilie na maelekezo wamwachie kocha. Baba anapiga kelele "toa pasi!", kocha anasema "tulia nao!", na mtoto mwenye mpira mguuni anaganda, ananyang'anywa, kisha anageuka kumtazama baba yake. Hapo tumemkosea.

Mtoto naye ana namna yake ya kuambiwa. Chuchumaa macho yenu yalingane, jua limpige mgongoni, mpe agizo moja. "Kuwa makini!" hakumfundishi kitu, "tazama nyuma ya bega kabla mpira haujakufikia" anaweza kulifanya. Mwombe alirudie kwa maneno yake. Mkifungwa, wape maji, waambie saa ya mazoezi yajayo, waende nyumbani. Makosa mtayarekebisha huko mazoezini.