Kulala bila unga wala kidonge

Arosto, yaani maumivu ya kuacha unga (heroini), ina tarehe zake. Kwa wengi siku ya pili na ya tatu ndizo kali, na ikipita wiki moja, au siku kumi hivi, tumbo limetulia na kamasi zimekatika. Usingizi hauna tarehe. Unachukua wiki kadhaa kurudi, kwa wengine miezi, na hapo ndipo vijana wengi wanapotuponyoka: ameshavuka maumivu, anakula, anacheka na wenzake, halafu saa nane usiku yuko macho makavu anamkumbuka pusha. Mimi nashika zamu ya usiku kwenye soba moja, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, hapa Unguja, na kabla ya hapo nilikuwa mvutaji wa kokteli, unga uliochanganywa na bangi. Hiyo saa nane naijua kwa pande zote mbili.

Tahadhari kwanza. Ninayoyasema ni ya mtu aliyeacha unga. Kama ulikuwa unakunywa pombe kila siku, au unameza Valium na vidonge vya kutuliza vya jamii hiyo kila siku, usiache ghafla ukiwa umejifungia nyumbani. Vitu hivyo vikikosekana ghafla vinaleta degedege na kuweweseka, na vinaua. Nenda hospitali upunguziwe taratibu. Na aliye kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayochukua nafasi ya unga, ambayo hospitali ya Muhimbili wanaitoa tangu 2011 na sasa ipo kwenye kliniki nyingi, asiongeze pombe wala Valium ili alale. Vikikutana vinazima pumzi. Kama kila alfajiri unashtuka na arosto, pua inachuruzika, waambie kliniki. Huenda dozi haijakaa sawa. Hilo usilitibu mwenyewe.

Kinachowashangaza wengi ni kupiga miayo mchana kutwa, kisha ukifika kitandani hakuna kitu. Unga ulikuwa unazikandamiza sehemu za ubongo zinazouweka mwili macho, na ubongo ukajibu kwa kuzikaza zaidi. Unga ukitoka, ile nguvu inabaki haina wa kuizuia: moyo mbio, vinyweleo vimesimama, jasho, miguu inaruka. Inashuka yenyewe polepole. Kinachotakiwa ni wewe usiichochee.

Wageni wakifika wananiuliza walale saa ngapi. Mimi nawauliza wataamka saa ngapi. Saa ya kulala hatuwezi kuilazimisha, ya kuamka tunaweza. Chagua moja na uishike siku zote saba, Ijumaa na Jumapili zikiwemo. Soba kwetu ni adhana ya alfajiri. Asiyeswali anaamka vilevile. Hata kama usingizi ulikuchukua saa kumi usiku, unaamka. Jua likitoka, kaa nje, fagia uwanja, tembea mpaka dukani, mwanga ukuingie machoni nusu saa hivi. Huo mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya mwili, na sisi wa huku tumebahatika, jua letu halibadilishi sana wakati wa kuchomoza mwaka mzima.

Mchana usilale. Siku za arosto yenyewe sikubani, jipumzishe unavyoweza. Baada ya hapo, kama huwezi kabisa, jinyooshe dakika ishirini baada ya adhuhuri, na mtu akuamshe. Jichoshe kwa kazi za mwili: kuteka maji, kufua, mpira wa alasiri. Mpira wa usiku hapana, unarudi damu inachemka.

Halafu kuna kahawa, na hapa najua nitagombana na watu wa barazani. Kahawa ikiingia mwilini, baada ya saa tano au sita karibu nusu yake bado imo. Vikombe vya baada ya magharibi, na kashata zake, utavikuta kitandani. Mwisho wako uwe adhuhuri. Barazani nenda, maana kukaa na watu ni dawa, ila agiza tangawizi isiyo na majani ya chai. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, acha kabisa. Sigara nayo inaamsha, ingawa watu wanaapa inawatuliza. Angalau isiwe ya mwisho kabla ya kulala, na usiamke kuivuta usiku wa manane. Wenzetu wa Mombasa, muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ndiyo msiiguse.

Sasa kitanda. Usipande kwa sababu saa imefika, panda macho yakiwa mazito. Ukilala na kuona muda umepita kama dakika ishirini (kadiria tu, usitazame saa), teremka. Kaa kwenye mkeka, taa ndogo, ufanye kitu cha kuchosha: chambua mchele, kunja nguo, vuta tasbihi. Simu hapana. Uzito ukirudi, panda tena. Usipokuja, teremka tena, hata usiku mzima uwe wa kupanda na kushuka. Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, aliuandika utaratibu huu mwaka 1972 na mpaka leo wataalamu wa usingizi wanautumia. Lengo ni mwili usahau kwamba kitanda ni mahali pa kugaragara na kuhesabu madeni. Usiku wa kwanza na wa pili utaniona mtesaji.

Wakati huohuo punguza muda wa kukaa kitandani. Kama kweli unapata usingizi wa saa tano tu, usikae humo kwa muda wa saa tisa. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, panda kuanzia saa tano u nusu usiku, si mapema zaidi. Muda wa kitandani usishuke chini ya jumla ya saa tano. Mwenye kifafa, au aliyewahi kupata maradhi ya akili ya kupandwa na kichaa, asifanye hili bila daktari, kwa sababu kukosa usingizi kunayaamsha.

Miguu: ioshe kwa maji ya uvuguvugu, mtu akukande kwa mafuta ya nazi, au jikande mwenyewe, kisha inyooshe ukutani. Ikizidi, tembea ukumbini. Joto la kaskazi umeme ukikatika, teremsha godoro sakafuni na ufunge chandarua hapohapo. Jasho la usiku litalowesha shuka; weka kanga kavu pembeni ubadilishe bila kuwasha taa kubwa.

Ndoto ndizo zinazovunja watu. Ulevi ulikuwa umezibana, sasa zinarudi kwa wingi na kwa rangi zote. Utajiota unavuta. Utaamka na ladha mdomoni, mikono inatetemeka, umeshaamini umeanguka. Hujaanguka. Nimewasikia wenye miaka ya kutosha kwenye mikutano yetu wakisimulia ndoto hizohizo. Nawa uso, kunywa maji, taja jina lako na siku ya leo kwa sauti, kisha mwamshe mtu umwambie. Soba mwamshe mlinzi wa zamu, ndiyo kazi yetu. Nyumbani mwamshe mama, na mama, tafadhali, usimuulize kama ametumia. Mwache amalize kusimulia ndoto yake.

Saa nane ipange ungali mchana. Pesa zikae kwa mtu mwingine, namba za pusha zifutwe, na uwe na rafiki mmoja aliyekubali kupigiwa usiku. Maana hili ni la kifo: mwili uliokaa wiki chache bila unga hauwezi tena kile kipimo cha zamani. Wengi tunaowazika walirudia mara moja tu, wapate kulala.

Piriton, kile kidonge cha mzio kinacholetea usingizi, nayo isiwe kawaida. Mwili unaizoea haraka, na kichwa kinajifunza tena kwamba usingizi umo ndani ya kidonge. Daktari anayejua historia yako akikuandikia dawa, hiyo ni habari nyingine, ifuate alivyosema. Mwone pia kama wenzako wanakuambia unakoroma na pumzi inakatika. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje asubuhi.

Na ule muda wa kitandani ulioupunguza: ukiona wiki nzima umelala karibu muda wote uliokuwa kitandani, ongeza robo saa kwa kupanda mapema kidogo, saa ya kuamka ibaki palepale. Wiki inayofuata robo nyingine. Usingizi ukianza kukatika tena, rudisha robo moja nyuma.